Siku Ile Mvua Haikunyesha

Mwanangu Naemi,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule kwanza. Nina saa mbili, labda tatu, kabla jua halijazama nyuma ya miti ya miwati. Nimekaa barazani na daftari lako la darasa la saba, naandika kwenye kurasa za nyuma ulizoziacha wazi. Uuvumilie mwandiko. Niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu alijali zaidi tulivyolima viazi vyake kuliko tulivyoandika herufi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Hayo umefundishwa chuoni na unayajua kunizidi. Blanketi zito liache, huko chini Mnazi unakopelekwa kazi hutalihitaji. Basi, mambo ya mzigo yameisha.

Nataka kujibu swali lako la jana. Ulikuwa unamenya viazi ukasema, "Baba, nipe maneno mawili matatu ya kusema siku ya kwanza. Nitawaambia Bibi Maendeleo wao mpya ni binti wa Balozi Yohana, yule aliyewatangulia watu wake kushuka." Mimi nikajifanya moto haushiki, nikainama kuupuliza mpaka wewe ukahamia habari nyingine.

Naemi, usiwaambie hivyo. Watu wa kule wana kumbukumbu, na siku moja mtu atakuambia, bila ubaya wowote, jambo ambalo ilinipasa nikuambie mimi miaka tisa iliyopita. Nilikuambia kwamba mama yako alizikwa kule chini kwa sababu mvua iliharibu njia ya mlimani na machela haikuweza kupita. Siku ile mvua haikunyesha. Njia ilikuwa kavu, vumbi linaruka.

Nitakueleza ilivyokuwa, tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitajitetea.

Watu hudhani ubalozi wa nyumba kumi nilipewa kwa hekima yangu. Tulikutana uwanjani pale kwa Kaniki, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, yule anayekuita "bibi mkubwa" tangu ukiwa na meno mawili. Mvua ikashuka, tukakimbilia hapa kwetu. Tumebanana barazani, Kaniki akasema, "Kwani tunahangaika nini? Tumchague Yohana. Baraza lake halivuji." Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa. Mama yako alikuwa anapitisha sinia la magimbi. Akauliza, "Mnamchagua mume wangu au mnachagua bati langu?"

Ndivyo nilivyopata uongozi. Na miaka ya kwanza, nakuambia kweli, niliufanya vizuri. Mbuzi akiingia kwenye maharage ya mtu, waliniita. Zamu ya maji ikigombaniwa, niliamka alfajiri nikasimama mferejini mwenyewe mpaka kila mtu amwagilie. Nilikuwa nawasomea watu barua zao, na nilijifunza kusoma bila kubadilisha sauti, hata barua ikiwa na msiba, ili mwenyewe apate nafasi ya kulia kabla yangu. Mama yako alilipenda hilo. Alisema ni afadhali mume anayesoma polepole.

Lakini nikaanza kupenda kuitwa. Jambo hilo huja kidogo kidogo, wala huoni siku lililoingia.

Unajua desturi yetu watu wa juu. Mashamba ya nyika tunayo tangu kwa babu zetu. Tunashuka alfajiri, tunalima mahindi, na jua likianza kulegea tunapanda kulala nyumbani. Bibi yako alikuwa akisema nyika hulimwa, hailalwi. Tukichelewa kupanda alitungojea pale juu ya genge la mlima na mkongojo wake. Habari za mbu hakuzijua. Alichojua ni kwamba mtu wa milimani akilala chini hurudi anatetemeka.

Ikaja habari ya kijiji kipya cha Mnazi. Tushuke, tukae pamoja karibu na mashamba, tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Mwanangu, sikulicheka jambo lile na leo silicheki. Nililiamini kwa moyo wote. Kulima pamoja hakukuwa kugeni kwetu. Msaragambo tulikuwa nao kabla ya Mjerumani hajapasua barabara. Watu kuitana, kuchimbiana mfereji, kisha kula pamoja chini ya migomba ya mwenye shamba, hayo tumezaliwa nayo. Na uhuru wenyewe tulikuwa bado tunausikia mdomoni kama muwa.

Basi siku ya mkutano mkubwa, bwana mmoja mgeni kutoka wilayani akasimama akauliza kila balozi: "Katika nyumba zako kumi, ngapi ziko tayari kuhamia?" Balozi wa kwanza akasema tatu. Wa pili akasema hajui, apewe nafasi akawaulize watu wake. Watu wakamzomea kidogo. Ikafika zamu yangu. Sikuwa nimemwuliza mtu hata mmoja. Nikasema, "Zote kumi."

Makofi yakapigwa. Naemi, yalikuwa matamu makofi yale. Mpaka leo ninapokuandikia nayasikia, na mwili unanisisimka kabla aibu haijafika.

Wakati wa kurudi mama yako alitembea nyuma yangu mpaka tukavuka mto. Kisha akasema, "Baba Naemi."

"Naam."

"Mimi ni nyumba ya ngapi?"

Nikacheka. "Wewe ni ya kwanza, bila shaka."

"Basi hata ya kwanza hukuiuliza."

Kesho yake asubuhi na mapema Kaniki akaja, akasimama pale penye mti wa peasi, hakutaka kukaribia. "Shikamoo, Balozi," akasema, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. "Nimesikia mferejini kwamba nahama. Nimekuja kuuliza, nahamia wapi?"

Nilimwambia asinitanie, jambo hili ni zito. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Walihama wote. Hakuna aliyewaburuta. Walihama kwa sababu nilikuwa nimeshasema, na kwetu si adabu kumfanya mwenzako mwongo mbele ya wageni. Hilo nilikuja kulielewa baadaye: nilikopa heshima yao bila kuwaomba, nao wakaniachia. Na ni kweli nilitangulia. Nilibeba mlango wa nyumba hii mgongoni mpaka chini, watu wakaimba nyuma yangu. Wewe tulikuacha kwa shangazi kwa ajili ya shule.

Mwanzoni kulikuwa na furaha. Mama yako alivua viatu, akakanyaga ardhi ile, akasema hajawahi kuona udongo wenye joto asubuhi. Alicheka kama msichana. Tulijenga, tukapanda, jioni watu wakapika pamoja. Wiki ya pili nikashikwa na homa. Ilikuwa homa ndogo, siku mbili tu, lakini niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na sikumwambia mtu.

Hapo ndipo mikutano ilipoanza kuwa mingi.

Nisikudanganye tena: mikutano ilikuwepo, huku juu, na balozi alitakiwa. Lakini mkutano ulikwisha saa nane mchana, na miguu yangu ilikuwa na nguvu za kushuka. Nilisema nabaki kuangalia migomba isiibiwe. Ikawa siku mbili kwa wiki, ikawa nne. Nilikuwa nalala humu ndani, kwenye baridi hii nzuri, mlangoni nimetundika mkeka kwa kuwa mlango wenyewe nilishauhamisha. Asubuhi nashuka nimepumzika, nawahimiza watu.

Siku moja mama yako alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniambia, bila kuinua kichwa, "Watoto wa Kaniki wanaumwa wote watatu. Watu wanataka turudie desturi. Mchana tufanye kazi huku, jioni tupande. Hakuna anayekataa kijiji, ni kulala tu. Wewe ndiye unayesikilizwa. Kawaambie."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Mkutano ujao."

Mkutano ukaja. Nikaulizwa nyumba zangu zinaendeleaje. Nikasema, "Zinaendelea vizuri."

Alipojua, hakugomba. Unamkumbuka, hakuwa mtu wa kugomba. Alisema tu kwamba basi yeye atakuwa anapanda jioni na kushuka asubuhi, atembee na wanawake wengine wawili. Nami nikamwambia neno ambalo limekaa nami katika nyumba hii miaka tisa. Nilimwambia, "Ukipanda wewe, wote watapanda."

"Na wewe unapopanda?"

"Mimi napanda kwa kazi."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye mahindi yake. Hakupanda. Alibaki kule ili mimi nisiaibike.

Kaniki ndiye aliyekuja kuniita. Nilikuwa hapa hapa, nakunywa uji. Alikuwa amepanda mlima wote bila kupumzika, shati limemganda. "Balozi, shuka," akasema. "Leo hakuna mkutano."

Nilimkuta mama yako amelala na homa kwa siku ya tatu. Majirani walitaka kuniita tangu siku ya kwanza, akawakataza. Alisema, "Mwacheni, ana kazi." Naemi, mpaka leo sijui kama alilisema kwa upole au kwa uchungu. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Waliokuwepo nimewauliza alisema kwa sauti gani, wakasema, kwa sauti ya mgonjwa.

Alinitambua. Aliniuliza, "Naemi amepata sweta?" Ulikuwa umeomba sweta la shule. Nikasema umepata. Hukuwa umepata. Lile la bluu nililinunua baada ya mazishi, na ndiyo sababu siku ulipolivaa nikatoka nje.

Alifariki mchana ule ule.

Sasa nafika pale nilipokuficha. Kabla hatujamaliza kulia, Kaniki alikuwa ameshakata miti miwili na kufunga machela kwa kamba za mgomba. Wanaume sita walikuwa tayari. Unajua kwetu mtu huzikwa wapi: hapa nyuma, kwenye migomba, alipo babu yako na bibi yako, uweze kuchuma ndizi ukiwa unaongea nao. Tungeondoka saa hiyo tungefika na jua.

Yule bwana mgeni alikuwepo kijijini siku ile. Akanivuta pembeni, akanishika mkono. Hakuwa mtu mbaya, machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema, "Balozi, pole sana, ndugu yangu. Lakini fikiri kidogo. Ukimpandisha mkeo, unawaambia watu kwamba hapa si kwao." Kisha akanyamaza, akaningoja. Hilo nataka ulishike vizuri: alinyamaza, akaningoja. Hakuniamuru. Ningesema hapana, angekubali.

Nikarudi kwa watu nikasema, "Tutamzika hapa."

Kaniki alikuwa ameshika ncha ya kamba. Tangu waliponichagua hakuwahi kuniita kwa jina, ni balozi, balozi, kwa utani wake ule. Siku ile akasema, "Yohana. Huyu mtu anapajua kwao."

"Nimesema tutamzika hapa."

Akachuchumaa akaanza kufungua mafundo ya machela, moja baada ya jingine. Angeweza kuyakata, panga alikuwa nalo. Aliyafungua kwa vidole, na watu wote tulisimama pale tukimngoja amalize.

Nilipanda peke yangu kuja kukuambia. Habari ya mvua niliitunga njiani, karibu na genge, kwa sababu nilikuona kwa mbali unaanua maharage. Uliniuliza kwa nini hatukumleta. Nikakuambia mvua. Uliangalia angani, kisha ukaangalia miguu yangu. Ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ukaendelea kuanua maharage. Kwa hiyo pengine naandika jambo unalolijua, na uliyenihifadhi miaka yote hii ni wewe.

Zikapita siku chache. Alasiri moja Kaniki alifunga kuku wake miguu, akamweka mtoto wake mdogo mgongoni, akaanza kupanda. Hakuitisha kikao. Nilimwangalia mpaka kwenye kona ya kwanza, hakugeuka kuona kama yupo anayemfuata. Mke wake akatoka. Nyumba ya pili ikatoka. Mpaka jua linalegea walikuwa wote njiani, na kesho yake alfajiri wote walishuka tena na majembe, wakalima zamu yao kama kawaida. Mimi nilikuwa wa mwisho kupanda. Nilibeba mlango ule ule, na safari hii hakuna aliyeimba.

Nikaitwa, nikaulizwa ni nani aliyeanzisha. Nikasema, "Mimi." Nilifikiri hapo angalau nimefanya jambo moja la kiume. Kaniki aliposikia alikuja hapa amekasirika kweli kweli. "Ulijibu kwa niaba ya nyumba yangu, nikanyamaza," akasema. "Ukamzika shemeji yangu kwa niaba ya wageni, nikanyamaza. Sasa hata kosa langu unalichukua? Nirudishie!" Tukatazamana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka ikawa si kicheko tena. Ubalozi nikavuliwa. Wewe umekua ukisikia kwamba niliuacha kwa ajili ya majonzi. Watu walikuambia hivyo kwa kunistahi.

Kijiji hakikufa. Wapo wa nyumba za mabalozi wengine waliobaki, wapo wenyeji wa nyika ambao miili yao inaijua homa ile, na sasa zahanati ipo kweli na mfanyakazi anatumwa, naye ni wewe. Nafurahi. Mama yako angefurahi kuliko mimi. Usidhani nakuandikia kukurudisha nyuma.

Kaburini nimeenda mara mbili tu kwa miaka tisa. Mara zote mbili nilikuta pamepaliliwa vizuri. Niliuliza ni nani anayepapalilia, hakuna aliyeniambia. Nikakaa kidogo, nikapanda kabla jua halijalegea. Hata kwake sikulala.

Uliniomba maneno ya kusema. Kiongozi ni nani hasa, sijui, mwanangu. Wapo waliosoma watakueleza. Mimi najua tu kwamba wakati watu wangu wanatetemeka kule, mimi nilikuwa nimelala hapa. Watakuuliza wakubwa wako, nyumba ngapi ziko tayari kwa jambo fulani. Sema hujawauliza. Watakuzomea kidogo, kama walivyomzomea yule balozi wa pili, na nyumba zake hazikuzika mtu mwaka ule. Na akitokea mwanamke anapukuchua mahindi, akakuambia jambo bila kuinua kichwa, acha ulichoshika umsikilize. Wanaojua huwa hawasimami mbele.

Nimezoea kupika viazi vingi kuliko tunavyoweza kula. Nilianza baada ya mama yako, na ulidhani ni ulafi wangu. Kuanzia kesho vitazidi tena. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa kuwa nimeamua leo kutokuficha kitu, hata kidogo.

Nilikuwa nimepanga kuutia waraka huu chini ya nguo zako sandukuni, uusome ukiwa umeshafika. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona kwamba hivyo ndivyo nilivyoongoza siku zote: maneno yangu yako chini, mimi niko juu, salama. Sitafanya hivyo kwako.

Nina ombi moja. Niruhusu kesho nishuke pamoja nawe, nibaki kule, nilale, siku nitakazoweza. Nataka niwaambie watu wa Mnazi mwenyewe, kwa mdomo wangu, wewe ukiwepo, ili usiwe binti wa mtu ambaye hakuwepo. Ukisema hapana, au ukisema kesho nisikusindikize hata mpaka kwenye gari, sitauliza sababu.

Nakusikia mferejini, Kaniki anakutania na wewe unamjibu. Unakuja. Nitakupa kurasa hizi mkononi, kisha nitakaa hapa hapa mbele yako, nikuangalie ukisoma, mpaka mwisho.

Baba yako,
Yohana